Ramani Iliyomo Kichwani

Ndugu msomaji, leo nakualika tufunge safari mpaka London, mji mkuu wa Uingereza. Hatuendi kutazama jumba la mfalme wala saa kubwa ya mnarani. Habari za hayo umekwisha kuzisikia. Tutakwenda kwa miguu, mwendo wa maili mbili hivi, tukitafuta jibu la swali moja: Mtu hujuaje mahali alipo?

Usilidharau swali hili. Waamka usiku wa manane, taa hakuna, watoka chumbani, wakwepa kinu na mtungi, wafika mlangoni, na hujagonga kitu. Mtoto umtumapo kwa shangazi yake ng'ambo ya mto, hupita vichochoro na mashamba akafika, wala hana ramani mkononi. Basi ramani hiyo wanayo wapi? Imechorwaje? Na ikifutika, mtu huwaje? Hili la mwisho ndilo litakalotugusa sana, maana karibu kila ukoo una mzee.

HAPA NDIPO MAILI HUANZA

Simama nami hapa Charing Cross, kando ya uwanja wa Trafalgar. Mbele yetu ni sanamu ya mfalme Charles wa Kwanza, amepanda farasi. Nyuma ya sanamu, chini, kuna kibao kinachoeleza kwamba umbali wa kutoka London hupimwa kuanzia hapa. Ukiambiwa mji fulani uko maili 50 kutoka London, maili zile zinahesabiwa kutoka miguuni pa farasi huyu.

Sasa tazama zile teksi. Watu huziita teksi nyeusi, ijapokuwa nyingine zina rangi nyingine. Inua mkono, moja itasimama. Mtajie dereva jina la barabara yo yote iliyo ndani ya maili 6 kutoka hapa, au hospitali, au hoteli, au kanisa. Hatakuuliza, "Ni upande gani?" Ataondoa gari tu, na njia nzima ameshaiona kichwani mwake.

Hakuzaliwa na ujuzi huo. Tangu mwaka 1865, zamani za magari ya farasi, dereva wa teksi za London lazima ashinde mtihani mgumu ambao wenyewe huuita "Ujuzi". Barabara na vichochoro vya kujifunza ni kama 25,000, pamoja na maelfu ya mahali watu wanapopenda kwenda. Tena usidhani kwamba London imepangwa kwa mistari kama shamba la mkonge. La! Njia zake zinajipinda kama mapito ya mbuzi, kwa kuwa nyingi zilikuwako kabla ya mtu ye yote kufikiri habari za kupanga mji.

Mwanafunzi hupewa safari 320 za kujifunza. Ya kwanza, inayojulikana na kila dereva, hutoka stesheni ya Manor House mpaka Gibson Square. Hununua pikipiki ndogo, hubandika karatasi zake mbele ya usukani, na kuzunguka mitaani katika mvua na baridi, mwaka baada ya mwaka. Kwa kawaida kazi hii humchukua miaka mitatu au minne. Halafu huvaa suti na tai na kwenda mbele ya mtahini, wawili tu chumbani. Mtahini hutaja mahali pawili. Mwanafunzi, bila kitabu wala ramani, hutaja barabara zote za kupitia, kila kona, kulia, kushoto, kwa utaratibu wake. Akikosea, huambiwa arudi baada ya siku 56. Akiendelea vizuri, siku hizo hupunguzwa kuwa 28, kisha 21. Wengi hukata tamaa njiani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki ni kikubwa mno.

Haya, mwache dereva aende zake. Sisi tushike njia kuelekea kaskazini. Mkono wa kushoto ni mtaa wa Soho, wenye vichochoro vingi vilivyobanana. Ukumbuke mtaa huo, tutauhitaji baadaye.

PANYA WA GOWER STREET

Tumefika barabara ya Gower Street, penye Chuo Kikuu kiitwacho University College London, kilichoanzishwa mwaka 1826. Ilikuwa hapa, mwaka 1967, kwamba alifika kijana mmoja aliyezaliwa New York, jina lake John O'Keefe, mtoto wa wazazi waliohamia Marekani kutoka Ireland. Alitaka kujua kazi ya sehemu moja ndogo ya ubongo.

Sehemu hiyo huitwa hipokampasi. Unazo mbili, moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto, ndani kabisa ya kichwa, kimo cha masikio. Jina hilo ni la Kigiriki, na maana yake ni farasi wa bahari, yule samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi na mkia uliojikunja. Katika karne ya 16 mpasuaji mmoja wa Italia, Giulio Cesare Aranzi, aliiona ina umbo kama la samaki huyo, ndipo akaiita hivyo.

Kabla ya O'Keefe, watu walikuwa wamejua jambo moja la kuhuzunisha. Mwaka 1953, katika mji wa Hartford, Marekani, Henry Molaison, kijana wa miaka 27 mwenye kifafa kikali, alipasuliwa kichwa, na daktari akaondoa sehemu kubwa ya hipokampasi zake, pande zote mbili. Kifafa kilipungua sana. Lakini tangu siku ile hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Mtu aliyezungumza naye asubuhi, mchana alikuwa mgeni kwake. Akaishi hivyo mpaka alipokufa mwaka 2008, mwenye miaka 82. Basi ilijulikana kwamba bila hipokampasi hakuna kukumbuka. Lakini ndani yake hufanyika nini?

O'Keefe alipachika nyuzi za madini, nyembamba kuliko unywele, katika hipokampasi ya panya, akamwacha atembee apendavyo. Ubongo umejaa chembe ndogo sana zinazopashana habari kwa umeme hafifu. Umeme ule ukipitishwa katika kipaza sauti, husikika kama bisi zinazopasuka chunguni. O'Keefe akasikiliza. Kumbe chembe moja ilikuwa kimya panya alipozunguka huku na huku, lakini kila alipofika pembe fulani ya kizimba, ikaanza: ta-ta-ta-ta! Akiondoka, kimya. Akirudi, ta-ta-ta! Chembe nyingine ilinyamaza pembeni na kulia katikati. Nyingine ililia karibu na ukuta. Kila chembe ilikuwa na mahali pake.

Mwaka 1971 O'Keefe na mwenzake Jonathan Dostrovsky walitangaza habari hizo. Chembe zile zikaitwa chembe za mahali. Mwaka 1978 O'Keefe na Lynn Nadel wakaandika kitabu kizima kueleza kwamba hipokampasi ndiyo ramani ya kichwani. Mabingwa wengi hawakuwasadiki upesi.

CHEMBE HUJIFUNZAJE MAHALI?

Pengine utauliza: Je, chembe hizo huzaliwa zinajua mahali pake, kila moja na pembe yake? La hasha. Mhamishe panya katika chumba kigeni utaona. Chembe iliyolilia pembe ya chumba cha kwanza, katika chumba cha pili huenda ikanyamaza kabisa, au ikalilia mahali pengine pasipofanana na pale. Katika dakika chache tu za kuzunguka, ramani mpya imeanza kuandikwa. Ukimrudisha panya katika chumba cha kwanza, ramani ya kwanza hurudi vile vile. Ni kama herufi: ni chache, lakini ukizipanga namna nyingine zinatoa neno jingine. Chembe zile zile huandika jikoni, na huandika kisimani.

Na panya hutumia nini kujipima? Kwanza, alama. Ukibandika kadi kubwa nyeupe ukutani, kisha ukaizungusha upande mwingine asipoona, ramani yote kichwani mwake huzunguka pamoja na kadi. Nasi tuko hivyo hivyo: ukataji wa mbuyu mmoja waweza kumpoteza mgeni aliyeuweka kuwa alama.

Lakini alama si yote, kwa maana ukizima taa, chembe nyingi huendelea kulia mahali pake. Panya anahesabu mwendo wake mwenyewe. Mwaka 1984, huko Marekani, James Ranck alieleza juu ya chembe za mwelekeo, ambazo hulia kichwa kinapoelekea upande mmoja tu, kama dira ya nahodha. Kisha mwaka 2005, katika mji wa Trondheim nchini Norway, May-Britt Moser na Edvard Moser, ambao walikuwa wamekaa kujifunza kwa O'Keefe mwaka 1996, pamoja na wanafunzi wao walivumbua ajabu nyingine. Katika sehemu iliyo jirani na hipokampasi waliona chembe ambazo kila moja hulia mahali pengi, na mahali pale pamepangana kwa nafasi sawa, kama vyumba vya sega la nyuki. Panya akienda, ni kana kwamba anatembea juu ya sakafu yenye vipimo. Kwa kazi hizo, O'Keefe na hao wawili walipewa Tunzo ya Nobel mwaka 2014.

Na watoto je? Mwaka 2010 mabingwa wa London na wa Trondheim walipima vitoto vya panya. Chembe za mwelekeo ziko tayari mara vitoto vinapofumbua macho na kuanza kutoka kiotani. Chembe za mahali hufuata. Zile za sega hukamilika mwisho, siku chache baadaye. Maana yake, mtambo ule huja na kiumbe, lakini ramani yenyewe huandikwa kwa kutembea.

Na tena, huandikwa kwa kulala. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walionyesha kwamba chembe zilizolia pamoja panya alipokuwa akitembea mchana, hulia pamoja tena akiwa usingizini. Panya aliyelala anarudia somo lake. Basi mtoto wa shule akikesha usiku kucha, anaunyima ubongo wake saa ya kurudia somo.

Na kwa binadamu? Hatuwezi kumpachika mtu nyuzi kichwani kwa udadisi tu. Lakini wako wagonjwa wa kifafa ambao madaktari huwawekea nyuzi ili kutafuta ugonjwa unakoanzia. Mwaka 2003 ilielezwa huko Marekani kwamba wagonjwa 7 wa namna hiyo walikubali kucheza mchezo wa kompyuta, wakiwa kama madereva wa teksi katika mji wa kubuni. Baadhi ya chembe zao zikalia walipofika mahali fulani pa mji ule. Binadamu naye anazo.

TEKSI NA BASI

Tutoke sasa Gower Street, twende upande wa mashariki mpaka bustani ya Russell Square. Unakiona kile kibanda cha mbao cha kijani, kando ya barabara? Ni mahali madereva wa teksi wanapopata chai na chakula. Vibanda hivi vilianza kujengwa mwaka 1875 ili wenye magari ya farasi wapate kujikinga na baridi. Vilikuwa 61, vilivyobaki ni 13.

Hatua chache kutoka hapa, katika uwanja wa Queen Square, alifanya kazi bibi mmoja msomi kutoka Ireland, Eleanor Maguire, aliyefariki mwaka 2025. Yeye alijiuliza: Hawa madereva waliobeba mji mzima kichwani, ubongo wao ukoje? Mwaka 2000 alitangaza alichoona. Aliwachukua madereva 16 na kupiga picha za ubongo wao kwa mashine ya sumaku, isiyokata wala kuumiza. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine, na kadiri dereva alivyofanya kazi miaka mingi, ndivyo ilivyozidi. Sehemu ya mbele ilikuwa ndogo zaidi.

Wengine wakasema: Labda ni kuendesha gari tu, au misukosuko ya barabarani. Mwaka 2006 Maguire na wenzake wakawapima madereva wa basi wa London. Hao nao huendesha mchana kutwa katika mji ule ule, lakini hufuata njia moja waliyopangiwa. Hawakuwa na badiliko lile. Wengine wakasema: Labda waliozaliwa na hipokampasi kubwa ndio wanaochagua teksi. Basi Maguire na mwenzake Katherine Woollett wakawachukua wanafunzi 79 kabla hawajajifunza, wakawapima, wakasubiri miaka. Mwanzoni walikuwa kama watu wengine. Mwishoni, wale 39 walioshinda mtihani, hipokampasi zao zilikuwa zimeongezeka nyuma. Walioshindwa, hakuna badiliko. Habari hizo zilitolewa mwaka 2011. Kumbe ubongo wa mtu mzima unaweza kubadilika kwa kazi, kama kiganja cha mkulima kinavyoota sugu.

Lakini kila kitu kina bei. Katika majaribio mengine, kama kukumbuka mchoro mgeni baada ya muda kupita, madereva hao walikuwa nyuma ya wengine.

Sasa ukumbuke mtaa wa Soho. Mwaka 2017 Hugo Spiers na wenzake wa chuo kile kile walieleza jaribio la watu 24 waliojifunza njia za Soho, kisha wakapimwa ubongo huku wakitafuta njia katika sinema ya mtaa ule. Walipotafuta wenyewe, hipokampasi ilichangamka kila walipoingia njia mpya. Walipoelekezwa na chombo, "pinda kushoto, pinda kulia", ilitulia, haikujali. Anayeongozwa kila hatua anafika, lakini harudi na njia.

Na hapa pana neno la kuwafurahisha ninyi mlioko vijijini. Mwaka 2022 Spiers, Antoine Coutrot na wenzao walitoa matokeo ya mchezo wa simu uliopima watu karibu 400,000 kutoka nchi 38. Kwa jumla, waliokulia nje ya miji waliweza kutafuta njia vizuri kuliko waliokulia mijini, hasa katika nchi ambazo miji yake imepangwa kwa mistari iliyonyoka. Basi mtoto anayekwenda shule kwa vijia vya porini hapotezi bure maili zake.

RAMANI INAPOFUTIKA

Tumefika mwisho wa safari yetu, Queen Square. Mbele yetu ni hospitali mashuhuri ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Tukae katika benchi hii, kwa sababu hapa ndipo habari za panya na teksi zinapoingia nyumbani kwako.

Uko ugonjwa wa uzeeni uliopewa jina la Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyeueleza kwanza mwaka 1906. Huua chembe za ubongo polepole. Na wapi huanzia mara nyingi? Katika hipokampasi na ile sehemu jirani yenye chembe za sega. Ndiyo maana pengine dalili ya mapema ni mzee kupotea katika njia aliyoipita miaka 50. Alikwenda shambani, akakutwa kijiji cha pili, amesimama, hajui arudi wapi.

Wengine hucheka. Wengine, ambalo ni baya zaidi, hunong'ona: "Bibi yule alikuwa akifanya nini kwenye ua wa watu usiku?" Yako mahali ambapo mnong'ono wa namna hiyo umemaliza maisha ya wazee. Ndugu msomaji, sasa unajua. Bibi yule hakuwa akiwanga. Ramani yake inafutika, naye anaogopa kuliko wewe.

Basi ufanye nini? Kwanza, mpeleke hospitali. Dawa ya kuponya Alzheimer haijapatikana, lakini si kila kuchanganyikiwa ni ugonjwa huo: homa, maambukizo ya njia ya mkojo, upungufu wa vitamini, au dawa anazotumia huweza kumpoteza mzee, na hayo yana tiba. Pili, usihamishehamishe vitu vyake. Kitanda, kiti na mtungi vikae pale pale, maana ndizo alama zilizombakia. Tatu, asitembee peke yake mbali. Mpe mjukuu wa kufuatana naye, na mfukoni mwake kiwe na karatasi yenye jina lake, kijiji na namba ya simu ya nyumbani.

Nne, na hili lifikirini sana watoto wenye kazi mijini. Mnapenda kumchukua mama mzee mkamtunze mjini, na nia yenu ni njema. Lakini mlivyosikia, mahali papya hudai ramani mpya, na kinachoharibika kwake ni kile kile kinachoandika ramani. Kijijini anafika kisimani hata akiwa amesahau jina la mtoto wake; mjini atapotea kati ya choo na chumba chake, na mtasema ugonjwa umezidi ghafula. Kama lazima ahame, ahame mapema, angali anaweza kujifunza, aje na kiti chake na mkeka wake, na mtu ampitishe njia zile zile kila siku. Na kama inawezekana, aachwe penye miti anayoijua, ninyi mpange zamu ya kwenda kumtunza huko.